Sina Neno kwa Kizungu

Nyumbani kwetu mambo mazito husemwa kwa Kizungu. Sijui nani aliyeanzisha ujinga huo. Mtaa wetu uko Nairobi, nyuma ya Jogoo Road, na humo ndani watu hugombana kwa Kiswahili, husengenyana kwa Sheng na kumwomba Mungu kwa lugha za kwao magharibi. Lakini ukisikia mtu amesema "My sister, sit down," ujue kuna aliyekufa au kuna aliyepata mimba. Mwenye nyumba akitaka uhame hakwambii hama, anakutumia ujumbe, "Kindly vacate." Hata aliyekuwa mume wangu, mtu ambaye hakuwahi kuniambia nakupenda kwa lugha yoyote, siku ya kuniacha alijikohoza akasema, "I think we need space." Tulikuwa tunaishi chumba kimoja. Nilimwambia nafasi iko nje, aende akaichukue, nami nikarudi kwa mama.

Kwa hiyo sikushangaa Mzee Mkalimani alipomposa mama yangu kwa Kizungu. Kilichonishangaza ni kwamba alimposa.

Mama ni mjane wa miaka mingi. Ana kibanda cha chapati na maharagwe karibu na geti la kiwanda kimoja, kwenye njia wanayopita watu wa Mukuru kwa Njenga wakienda vibaruani kwa miguu asubuhi na wakirudi jioni. Wateja humwita mathe, naye huwaita wanangu, hata wale wenye mvi. Ana mikono ya kukanda na mdomo wa kukandamiza, na sikumbuki mjadala alioingia akatoka ameshindwa. Nilijua kuna wazee wanaokula pale kupita njaa yao. Sikujua kwamba mmoja wao anakula kwa mpango.

Huyo mzee alikuwa mkalimani wa korti kabla ya kustaafu. Korti gani sisemi, maana bado naishi mjini hapa na nina mdomo kama wa mama. Kazi yake ilikuwa kusimama kati ya hakimu na mshtakiwa, akigeuza Kizungu kuwa Kiswahili na Kiswahili kuwa Kizungu, na hakuna mtu aliyewahi kukaa karibu naye kwenye benchi la kibanda asielezwe sheria ya kazi hiyo. Mkalimani wa kweli, husema, hasemi "anasema kwamba." Anasema "mimi." Mshtakiwa akisema niliiba kuku, mkalimani anamtazama hakimu machoni na kusema, "I stole the chicken." Ukienda kwa hesabu hiyo, hakuna mtu Nairobi aliyekiri makosa mengi kama yeye. Amepika chang'aa, amempiga shemeji yake kwa mwiko, amekojoa ukutani mchana kweupe, na yote hayo ameyafanya akiwa amevaa shati lililopigwa pasi. Kisha akastaafu na wakamkatia keki.

Alikuja Jumapili moja baada ya kanisa, amevaa suti ya kijivu na kofia ya kahawia. Mimi nilikuwa nasugua sufuria mlangoni. Mama alikuwa amesimama mezani, unga hadi viwikoni. Mzee alivua kofia, akaiweka kwenye kiti, akakataa chai, akakataa kukaa.

"Madam," akasema, "I wish to marry you."

Sufuria iliniponyoka. Mzee akajifuta uso kwa leso, akaongeza kwa Kiswahili, kwa sauti ya kuita faili inayofuata, "Usinijibu leo. Nitarudi Jumamosi. Na ukinijibu, nijibu kwa Kizungu. Tafadhali."

Akatoka. Kofia aliiacha kwenye kiti.

Niliona ni kiburi kilichokomaa. Mzee mzima anakuja kuposa kwa masharti, na sharti lenyewe ni mtihani wa lugha. Nilimwuliza mama kama huyo anatafuta mke au anatafuta karani. Mama alikuwa anaitazama ile kofia.

"Jirani akikuletea mboga kwa bakuli, wewe hurudisha bakuli tupu?"

"Hapana."

"Unaweka nini?"

"Chochote. Ndizi. Viazi viwili."

"Basi ameniletea Kizungu. Nitamrudishia Kizungu. Wewe si mwalimu wa hiyo kitu? Nipe neno la kukubali."

Ni kweli mimi hufundisha Kiingereza, katika shule ndogo ya mabati kando ya Mukuru kwa Reuben, ambako huwaambia watoto kwamba maneno yenye maana moja yana maana moja. Ni uongo, lakini uko katika silabasi. Nilichotaka kumwuliza mama ni kama kweli anataka kukubali, ila niliona jinsi alivyokuwa akiukanda ule unga, kwa upole usio wa kawaida yake, nikajua swali hilo limeshapita. Alikuwa anataka. Moyo wangu uliruka, na sikuweza kusema kama ni kwa furaha au ni kwa wivu wa mtoto anayeona mamake anaangalia upande mwingine.

"Sikiza masharti yangu na mimi," akasema. "Lisiwe neno la haraka, asifikiri nimekaa hapa nikimngoja. Na lisiwe baridi, asije akaenda akidhani nimemkataa. Hiyo ya mwisho ndiyo kubwa."

Nikaanza na "Yes." Mama akaikataa palepale, hiyo alisema ni ya kuitikia jina rejista ikiitwa. Nikataja "Okay," kisha nikaifuta mwenyewe kabla hajaishika, kwa sababu neno hilo huku kwetu limeoza. Mgeni akisema "I'm okay," chai hataki. Mtu akikukanyaga sokoni ukasema "It's okay," maana yako ni kwamba kidole kimevunjika lakini apite tu. Na mwanamke akimwambia mumewe "It's okay" huku anapanga vyombo taratibu, huyo mume aanze kutafuta pa kulala. Mama alikuwa akitikisa kichwa kwa kila mfano kama mtu anayesikia habari za ndugu zake.

"Na ile ya mafundi? No problem?"

Tukacheka wote wawili. Fundi wa bomba aliwahi kumwambia mama "No problem" kwa kujiamini hadi mama akamkaribisha uji, na jioni ile tulivuka jikoni kwa kukanyaga matofali. Mama anaamini hadi leo kwamba mtu akikwambia hakuna shida, ameiona na hataki kukuonyesha.

"'Sure' je?" nikasema.

"Hiyo ni ya vijana. Kila kitu sure. Waambie walete, hawaleti."

"'Fine'?"

Hapo alikunja uso, mikono ikasimama ndani ya unga.

"Hiyo ni ya kanjo," akasema. "Faini. Hiyo usiniletee hapa." Kisha akaongeza, "Unajua nilishawahi kukubali nikaambiwa nimekataa?"

Sikujua. Nilikuwa darasa la tatu wakati huo, na nilichokumbuka mimi ni kwamba mama alienda mazishi magharibi na akakawia sana, na jirani akatupikia ugali mbichi katikati, na kaka yangu mkubwa, aliyekuwa darasa la nane, hakuwa akinijibu nikimwuliza aliyekufa ni nani. Mazishi hayakuwepo. Askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, walikuwa wamewabeba wanawake wote wa geti, na masufuria yao, kwa kosa la kuuza chakula bila leseni.

Ndani ya lori wanawake walipatana. Kila mtu akiulizwa aseme nakubali, atozwe faini, na wote wafike nyumbani kabla watoto hawajatoka shule. Ndivyo ilivyofanywa na ndivyo inavyofanywa. Kukubali kosa mtaani kwetu ni njia ya mkato ya kurudi nyumbani. Kizimbani wakaanza: nakubali, nakubali, nakubali. Zamu ya mama ikafika. Hakimu alikuwa mzee wa miwani, mpole wa sura, amefanana na baba mkwe wa mama. Na kwao mama alikokulia, mwanamke akiulizwa jambo na mzee wa namna hiyo, harukii nakubali kama anayegombea kiti. Huinamisha kichwa na kusema "Sina neno." Yaani sina pingamizi, sina kinyongo, uliloamua wewe nami nimo. Adabu ikamshika mama mahali pabaya kuliko pote duniani pa kuwa na adabu.

"Nikasema sina neno," mama akaniambia. "Na mkalimani alikuwa anatazama saa. Ilikuwa karibu wakati wa chakula."

Mkalimani hakusema "mimi." Siku hiyo moja, yeye mwenye sheria zake, alisema, "She has nothing to say, Your Honour." Hakimu akaandika kwamba mshtakiwa amenyamaza. Na kortini mtu aliyenyamaza huhesabiwa amekana, kesi inapangiwa siku ya kusikizwa, na asiye na mdhamini anangojea rumande. Wenzake waliokubali wakabeba masufuria yao wakaenda nyumbani. Mama aliyekubali kwa heshima kuliko wote akapanda lori jingine.

"Na huyo mkalimani," nikasema, ingawa jibu lilikuwa limekaa kwenye kiti mbele yetu, lina ukingo wa kahawia.

"Ni huyo."

Niliwaka. Niliiendea kofia na nilikuwa naipeleka kwenye mtaro. Nilimwambia mama hawezi kuolewa na mtu aliyemfunga. Nilimwambia afadhali aolewe na kanjo mwenyewe, angalau kanjo hajidai kujua lugha. Mama aliniacha nimalize, kisha akaniambia niirudishe kofia ya watu na nisiishike na mikono ya masizi.

Kesi ilifutwa baadaye kwa sababu askari hawakujitokeza. Siku ya kwanza mama kurudi getini, mkalimani alikuja. Akapanga foleni na watu wa kiwandani. Zamu yake ilipofika akasema, "Mama, nilikutafsiri vibaya." Mama akamwuliza, "Chapati ngapi?" Akasema mbili. Hawakulizungumza tena. Lakini alirudi kesho yake, na kesho kutwa, na hata alipohamishiwa korti ya upande mwingine wa mji aliendelea kuja, akitembea kupita hoteli zenye viti vya kuegemea, ili akae kwenye benchi letu lenye mguu mmoja mfupi.

"Sasa unaona kwa nini anataka Kizungu," mama akasema. "Nikimjibu kwa Kiswahili itabidi anitafsiri tena. Anaogopa."

Basi nilichokiita kiburi kilikuwa woga. Sikumsamehe hapo hapo, mimi si Roho Mtakatifu, lakini niliirudisha kofia kwenye kiti. Na nikaelewa mama alikuwa akiniomba nini. Neno moja liliwahi kumtia ndani. Safari hii alitaka neno ambalo hakuna mtu duniani angeweza kulikosea.

Tukaendelea jioni zilizofuata, yeye akikanda, mimi nikisahihisha madaftari. "I agree" aliona ni ya mikutano ya chama, pale mwenyekiti anapotaka kwenda nyumbani. "I admit" aliijua kutoka kortini na akatema mate. "I don't mind" aliipenda sana nilipomweleza maana yake.

"Hiyo ndiyo sina neno! Hiyo hiyo!"

Ikabidi nimvunje moyo. Nikamwambia Mzungu husema hivyo akiagiza soda baridi na kuletewa ya moto.

Mama akafikiri. "Kwani yeye ni soda ya moto?"

Mwishowe tukafika kwa "I accept." Alitaka kujua kama ndiyo ile ya kwenye simu, ile unayobonyeza chini kabisa bila kusoma masharti. Nikamwambia ndiyo, na kwamba mimi niliolewa hivyo hivyo. Alinitazama kwa huruma kidogo, akasema basi atabonyeza akiwa amesoma.

Lakini mwana wa kwanza lazima aambiwe. Kaka yangu anaishi Syokimau, anafanya kazi katika idara ya wafanyakazi ya kampuni fulani, na amekaa huko muda mrefu hadi anazungumza na mamake kama anayemjibu mwombaji kazi. Mama alimtumia ujumbe wa sauti, wa Kiswahili kilichonyooka, wenye kicheko cha aibu mwishoni ambacho sikuwahi kumsikia akikicheka. Kaka akajibu kwa maandishi: "Well received. No objection in principle."

"Amesema nini?" mama akauliza.

"Anasema hana pingamizi kimsingi."

"Msingi gani?"

"Ule wa nyumba ambayo haitajengwa."

Nusu saa haikupita, akapiga simu. Alianza kwa Kizungu, akasema tusikimbilie mambo, tuangalie timing. Akapendekeza mama aseme "I will think about it," au bora zaidi "Noted with thanks," ambayo ni ya heshima na haimfungi mtu. Angemwandikia mwenyewe kama mama hana nafasi.

"Ameniposa mimi ama ameposa ofisi yenu?" mama akamwuliza.

Ndipo kaka akasahau Kizungu. "Mum, huyo jamaa alikuweka ndani," akafoka, sauti imepanda kama ya mtoto. "Na sasa anataka kukuweka ndani tena!"

Lazima nikiri kwamba hiyo ndiyo sentensi bora niliyowahi kusikia kutoka kwake, na nilimwonea huruma. Yeye ndiye aliyekuwa darasa la nane. Yeye ndiye aliyeambiwa ukweli na kukatazwa kuusema, akaubeba shuleni na kurudi nao. Huenda Kizungu chote hicho alikwenda kukitafuta ili mtu asimtafsiri vibaya. Lakini huruma yangu haikudumu, kwa sababu alijikohoza, akarudi ofisini, akasema jibu litolewe yeye akiwepo. "For clarity," akasema.

Wiki hiyo mama alifanya mazoezi kwenye moto. Mteja akisema, "Mathe, leta chapo mbili," anajibiwa, "I accept." Akisema amezidishiwa maharagwe, "I accept." Wale vijana wa kubeba magunia waliona ni sarakasi. "Niaje mathe," mmoja akamwita kutoka mbali, "unaaccept simu ama cash tu?" Aliwatishia kwa mwiko na akaendelea. Nilipita pale kutoka shule nikamkuta anaisema kimya kimya, midomo tu, akigeuza chapati, na nikapita bila kumsalimu.

Jumamosi kaka alifika kwanza, na tai shingoni, akaketi kwenye kiti cha marehemu baba. Nilimpa chai. "I'm okay," akasema. Mzee Mkalimani alifika baadaye kidogo kwa suti ile ile. Mama alimkabidhi kofia yake, nimeipangusa mwenyewe, naye akaishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo na kusimama palepale karibu na mlango. Kaka alimwambia karibu, lakini hakumwambia keti, kwa hiyo tukawa na hakimu, na mshtakiwa, na mimi nimejipanga ukutani kama askari.

Mama alikuwa amevaa kitenge cha kijani na amejipaka mafuta. Alisimama katikati ya chumba. Akavuta pumzi.

"I accept," akasema.

Sasa, neno hilo mdomoni mwa mama, na mdomoni mwangu nikichoka, na mdomoni mwa mtaa mzima kuanzia Jogoo Road hadi viwandani, hutoka "ekisepti." Na neno lile jingine la Kizungu, lenye maana ya isipokuwa, nalo hutoka "ekisepti." Mimi, mwalimu, nilikuwa nimewapigia watoto mstari mwekundu chini ya kosa hilo mwaka mzima, na halikunijia akilini hata mara moja. Kaka lilimjia upesi.

"Except?" akasema. "Except what, Mum?" Akamgeukia mzee, amekunja miguu. "You heard her. 'I except.' Kuna exception. Kuna kitu hataki. Mama hajakubali."

Nilimwona Mzee Mkalimani akikauka. Alijua alichosikia. Mtu aliyesikiliza midomo ya mitaa yetu ya Eastlands miaka yote ile hawezi kushindwa na mama mmoja. Lakini kofia ilikuwa inazunguka mikononi mwake, inazunguka, na nikatambua kwamba hataki kuamua. Alikuwa ameamua maana ya mwanamke huyu mara moja. Angeondoka mlangoni pale na suti yake, angekula chapati mbili kesho yake, na hangelitaja tena hadi afe.

Nilifungua mdomo niokoe jambo kwa sarufi. Mama aliniinulia kiganja. Alimtazama kaka yangu kwanza, kwa muda, bila hasira, kama anavyotazama chapati kujua kama imeiva upande wa chini. Kisha akamgeukia mzee. Akainamisha kichwa kidogo, jinsi wanavyoinamisha kwao.

"Sina neno," akasema.

Mzee akafumba macho.

"Haya," mama akasema. "Tafsiri."

"Mama—" mzee akasihi.

"Kijana wangu haelewi Kiswahili. Mtafsirie."

Jasho lilikuwa linamtiririka mzee hadi kwenye kola. Alimgeukia kaka yangu, akanyoosha koti, akaanza, "She—"

"She nani?" mama akauliza.

Mzee akaiweka kofia chini sakafuni, mikono ikabaki mitupu. Kisha akasimama wima kama walivyomfundisha, akamtazama kaka yangu machoni na kusema kwa sauti ya kufika hadi benchi la nyuma, kila herufi mahali pake, "I accept."

Na alilia. Si sana, lakini hakujificha. Mama naye alikuwa anamtazama na uso ambao sikuwahi kuuona, wa mtu aliyesikia maneno yake mwenyewe yakirudi mazima. Mimi nililia kuliko wote wawili, na nilikuwa na haki, mimi ndiye niliyekula ugali mbichi.

Kaka aliangalia tai yake, akaangalia dari. Tulimngoja. Mwishowe, kwa sababu lazima mtu aseme kitu, akasema, "Noted."

Mama akanigeukia. "Amesema nini?"

Najua maana ya neno hilo. Nalipokea kila wiki kutoka kwa mwalimu mkuu, na maana yake ni mlango uliofungwa taratibu. Kaka alinitazama akingoja nilitafsiri sawasawa.

"Amesema hana neno," nikasema.